Anza na mota, kidhibiti kitafuata: mwongozo kwa anayejiundia gari la rimoti

Kijana anayejiundia gari la rimoti karibu siku zote hununua kwanza kidhibiti mwendo, kile kifaa kinachokaa kati ya betri na mota. Anakiona dukani Kariakoo, kimeandikwa 320A (ampea 320) kwa maandishi makubwa, kina feni juu, bei inavumilika, anakichukua. Baadaye anatafuta mota yoyote itakayoenea kwenye chasisi. Siku ya majaribio kidhibiti kinatoa moshi, au gari linakwenda hatua chache na kuzimika, na wenzake wanamwambia ameuziwa feki. Mara nyingi si feki. Ni vifaa viwili vizima ambavyo havikupaswa kukutana.

Mimi ni fundi wa kuwaindi mota hapa Dodoma. Zinazonipa riziki ni pampu za visima, grenda na mota za mashine za kusaga, ila jioni meza yangu hujaa magari madogo, maana vijana wa mtaani kwetu wanajua nina mita nzuri na boksi la drili mbovu. Nayapenda sana magari haya. Mtoto aliyepima ampea za gari lake mwenyewe haitishwi tena na kanuni ya Omu darasani. Kwa hiyo naandika hapa utaratibu ninaowafundisha, kwa mpangilio uleule: mota, gia, kisha kidhibiti, kisha betri.

Volti husukumwa, ampea huvutwa

Ukielewa hili, mengine yote yatakuwa mepesi. Wengi wanaamini kuwa kidhibiti cha ampea 60 kitaipiga mota ndogo kwa ampea 60 na kuiunguza. Hakifanyi hivyo. Betri inaweka volti. Kidhibiti kinazikatakata volti hizo kwa kufunga na kufungua mara nyingi mno kwa sekunde. Mota yenyewe ndiyo inayovuta ampea, kwa kadiri ya mzigo ulioko kwenye shafti. Mota ya ukubwa wa 540 (kipenyo karibu milimita 36) ikizunguka bila mzigo huvuta ampea 1 au 2 hivi. Ishike shafti isizunguke, na mota hiyohiyo inaweza kuvuta ampea 50 na zaidi, kwa betri ileile na kidhibiti kilekile.

Sababu ni kwamba mota inayozunguka ni jenereta pia. Inazalisha volti zake zinazopingana na za betri, na kadiri inavyokwenda kasi ndivyo volti hizo za kupinga zinavyokua na ampea kushuka. Ikisimama hakuna kinachopingana na betri isipokuwa waya mfupi wa shaba uliozungushwa kwenye rota, sehemu ya ndani inayozunguka.

Kutokana na hapo: kidhibiti kikubwa kupita mahitaji hakiidhuru mota hata kidogo, kinakugharimu uzito na pesa tu. Kidogo kuliko mahitaji ndicho kinachoungua. Na mota inauawa na volti zilizozidi au gia mbaya, wala si na namba ya ampea iliyoandikwa kwenye kidhibiti.

Ijue mota uliyoishika

Hesabu nyaya. Zikiwa mbili, ni mota ya kaboni, yaani ina vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye rota. Zikiwa tatu nene, ni mota isiyo na kaboni. Kila aina ina kidhibiti chake na havibadilishani: cha nyaya mbili hakiwezi kabisa kuendesha mota ya nyaya tatu. Kuna vichache vilivyotengenezwa kuendesha zote mbili, na hilo huandikwa wazi kwenye kijitabu chake. Kama hujaliona limeandikwa, chukulia kuwa hakiwezi.

Kwa gari la kwanza, shauri langu ni mota ya kaboni iliyotolewa kwenye drili ya chaji. Wauza vyuma chakavu wanazo tele, kwa sababu kwenye drili hizo kinachokufa kwanza mara nyingi ni betri. Mota yenyewe huwa ya ukubwa wa 550: kipenyo karibu milimita 36 sawa na 540, ila ndefu kidogo. Kaboni zake ni nene, na imezoea kukwama. Shafti nyingi ni za milimita 3.17, ambazo ndizo pinioni (gia ndogo za kwenye shafti ya mota) za magari ya 1:10, yaani madogo mara kumi kuliko gari halisi, huingia.

Ubaya wake ni kwamba haina karatasi. Hakuna wa kukuambia inazunguka mara ngapi wala inavuta ampea ngapi. Vyote viwili unavipima mezani bila kifaa cha gharama, na hapa naomba usiruke hatua, kwa kuwa hesabu zote za mbele zinategemea namba hizi mbili.

Kwanza kasi. Tafuta drili ya umeme wa ukutani ambayo kasi yake imeandikwa kwenye kibati. Nyingi za milimita 13 huandikwa 2800 kwa dakika. Bana shafti ya mota kwenye kichwa cha drili, shika mwili wa mota barabara, bonyeza drili hadi mwisho, kisha soma volti za DC zinazotoka kwenye nyaya mbili za mota. Sasa mota yako ni jenereta. Tuseme umesoma volti 1.75. Gawa 2800 kwa 1.75, unapata 1600. Hiyo ndiyo mizunguko kwa kila volti, namba ileile ambayo kwenye mota zisizo na kaboni huandikwa KV. Mota nyingi za drili za volti 12 ninazopima huangukia karibu na hapo. Za volti 18 huwa chini zaidi.

Pili upinzani. Usijaribu kuupima kwa mita moja kwa moja kwenye alama ya omu, kwa sababu upinzani wa nyaya za mita unaweza kuuzidi wa mota. Chukua balbu ya breki ya gari, ya volti 12 na wati 21, na betri ya pikipiki. Unganisha kwa mfuatano: betri, balbu, mota, kisha kurudi betri. Balbu itapitisha takriban ampea 1.7, na hilo lithibitishe kwa mita ukitumia tundu la 10A. Bana shafti kwa koleo isizunguke. Halafu itoe mita kwenye mfuatano, unga tena nyaya pale ilipokuwa, kisha toa waya wa mita kwenye tundu la 10A na uurudishe kwenye tundu la volti kabla hujagusa chochote. Ukiusahau pale unapiga shoti na fyuzi ya mita inakwenda. Sasa gusa nguzo mbili za mota, kwenye bati lenyewe zinapoingia kaboni, usiguse ncha za nyaya. Soma. Geuza shafti kidogo, soma tena, rudia sehemu kadhaa za mzunguko, na uchukue namba ndogo kuliko zote.

Ukisoma volti 0.34 kwa ampea 1.7, upinzani ni 0.34 kugawa kwa 1.7, yaani omu 0.2. Kwa betri ya seli tatu za lithiamu, volti 11.1, mota hiyo ikikwama itavuta 11.1 kugawa kwa 0.2, ampea 55. Kwa betri ya seli mbili, volti 7.4, itavuta 37. Kwenye gari lenyewe zitapungua kiasi kwa kuwa betri na nyaya nazo zina upinzani wake, lakini hiyo ndiyo dari. Sasa una mota inayojulikana.

Jambo moja kuhusu mota za drili: baadhi kaboni zake zimesogezwa pembeni kidogo ili ziwe kali zaidi upande wa kufunga skrubu. Izungushe pande zote mbili kwa betri ileile. Ukisikia upande mmoja una kasi zaidi, panga gia upande huo uwe ndio wa kwenda mbele.

Gia ndiyo inayopanga ampea

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi na vijana. Mota ikishajulikana, ampea zitakazopita kwenye kidhibiti zinaamuliwa na uwiano wa gia, ukubwa wa tairi na uzito wa gari. Mota ileile inaweza kukiua kidhibiti kwenye gari moja na kukiacha baridi kwenye jingine.

Nachukua mfano wa gari lililoko mezani kwangu sasa hivi. Lina kilo 2.5 pamoja na betri, magurudumu yote manne yanaendeshwa, tairi zina kipenyo cha milimita 100. Wenyewe wanataka kilomita 25 kwa saa, ambazo kwenye kiwanja cha changarawe ni mwendo wa kutosha. Mzingo wa tairi ni milimita 314. Kilomita 25 kwa saa ni mita 417 kwa dakika, kwa hiyo gurudumu lizunguke mara 1,327 kwa dakika. Mota ya 1600 kwa volti 11.1 inazunguka mara 17,760 bila mzigo. Punguza sehemu ya tano kwa ajili ya mzigo, inabaki takriban 14,200. Gawa kwa 1,327, uwiano unaotakiwa ni 10.7. Pinioni ya meno 15 kwenye gia kubwa ya meno 60 inatoa 4, na difu yao ina 2.7, jumla 10.8. Imekubali.

Sasa nguvu. Kwa kila ampea, mota inatoa nguvu ya mzunguko ya nyutoni-mita 9.55 kugawa kwa ile 1600, yaani karibu 0.006. Ikiwa imekwama na ampea 55, ni 0.33. Zidisha kwa 10.8, toa sehemu ya tano inayopotea kwenye gia, unapata karibu 2.85 kwenye ekseli. Gawa kwa nusu kipenyo cha tairi, mita 0.05: nyutoni 57, ambazo ni msukumo wa karibu kilo 5.8 chini ya tairi.

Chukua mizani ya kulabu, ile ya kupimia mizigo. Funga magurudumu yote yasizunguke, liburute gari kwenye ardhi litakapokimbilia, na usome mizani. Hili la mezani kwangu linasoma kilo 1.9 kwenye changarawe. Maana yake tairi zitateleza pindi msukumo ukifika kilo 1.9, mapema sana kabla mota haijafika kwenye kilo 5.8 za kukwama. Na ampea hufuata nguvu: 55 mara 1.9 kugawa kwa 5.8 ni ampea 18. Hata gari likiegemea ukuta huku kidole kimebana rimoti mpaka mwisho, magurudumu yatazunguka hapohapo na kidhibiti kitaona ampea 18 hivi.

Punguza uwiano ufike 5.4 ili upate kasi mara mbili, na msukumo wa kukwama unashuka hadi kilo 2.9. Tairi bado zinahitaji kilo 1.9 kuteleza, kwa hiyo ampea zinapanda hadi 36. Weka tairi kubwa mara mbili na matokeo ni yaleyale. Ukiwa na uwiano huo wa 5.4, ongeza betri ya pili na bodi ya bati, gari lifike kilo 4, na mota itakwama kabla tairi hazijateleza. Hapo zile ampea 55 zote zinapita, tena kwa sekunde nyingi. Ndiyo maana kijana akiniletea kidhibiti kilichoungua naomba kwanza nione gari. Ni sawa na kupandisha mlima kwa baiskeli iliyoko kwenye gia ya mwisho: goti litauma bila kujali pedali ni za bei gani.

Sasa kidhibiti

Kwa gari hilo natafuta kidhibiti cha kaboni kinachobeba ampea 18 muda wote bila kuchoka, na kinachovumilia 55 kwa muda mfupi, maana ipo siku nyasi zitajizungusha kwenye ekseli au changarawe itaingia kwenye gia, na hapo tairi haziwezi kuteleza. Chenye ampea 40 hadi 60 za kweli za mfululizo kinatosha vizuri.

Neno muhimu ni mfululizo. Ile 320A kwenye kidhibiti kidogo chenye feni ni namba ya kilele, ya muda mfupi mno, na mwilini mwake hakuna sehemu hata moja inayoweza kubeba ampea hizo kwa dakika moja. Angalia nyaya zake za betri. Kidhibiti cha ampea 60 hutoka na waya mnene wa silikoni, wa geji 14 au 12. Namba ikipungua waya unanenepa. Ukikuta waya wa geji 18 kwenye kifaa kilichoandikwa mamia ya ampea, amini waya.

Kipimo kingine cha uaminifu ni kijitabu kinachotaja mpaka wa mota. QuicRun 1060 ya Hobbywing, kwa mfano, inataja ampea 60 mfululizo kwenda mbele na 30 kurudi nyuma, betri ya seli 2 hadi 3, na mota ya 540 au 550 isiyopungua 12T kwa seli mbili, au 18T kwa seli tatu. T ni raundi za waya kwenye kila jino la rota. Mimi niliyeziwaindi nakuhakikishia: raundi zikipungua fundi hutumia waya mnene zaidi, upinzani unashuka, kasi inapanda na ampea zinapanda nazo. Mota ya 27T au 35T ni ya mtoto anayejifunza. Ya 55T au 80T ni ya gari la kupanda mawe. Ya 12T ni ya mbio.

Mota ya drili haina T iliyoandikwa, lakini kijitabu hichohicho kinatoa mpaka kwa njia nyingine: isizidi mizunguko 30,000 kwenye volti 7.2 kwa seli mbili, na 20,000 kwa seli tatu. Yetu ni 1600 mara 7.2, yaani 11,520. Iko mbali na mpaka.

Kumbuka pia ile nusu ya kurudi nyuma. Gari likizama kwenye mchanga watu hulitoa kwa kurudi nyuma kwa nguvu zote, na huko ndiko kidhibiti hiki kina uwezo mdogo. Nenda ukalinyanyue kwa mkono.

Kwa wanafunzi wanaotumia Arduino, ile bodi ndogo ya kuprogramu, nina la kusema kuhusu moduli ya kuendesha mota ya L298N, kwa sababu naiona kwenye kila mradi. Inabeba ampea 2 kwa kila upande na inakula volti 2 au zaidi ikifanya kazi. Inafaa kwa zile mota ndogo za njano za plastiki. Kwa 540 haifai kabisa, hata ukiweka hitisinki kubwa. Moduli ya BTS7960 iko karibu zaidi, ingawa 43A yake isome kama kilele; na haielewi mapigo ya risiva ya rimoti, lazima Arduino ikae katikati kutafsiri.

Ukichagua mota isiyo na kaboni

Hapa huna haja ya kupima kwa drili, namba zimeandikwa. 3650 maana yake kipenyo milimita 36, urefu 50, yaani ukubwa wa 540. KV ni mizunguko kwa volti. Mota ya 3300KV kwa seli mbili inazunguka 24,420 bila mzigo; kwa seli tatu 36,630. Ingiza namba hiyo kwenye hesabu ileile ya gia niliyoonyesha juu. Gari zito au tairi kubwa linataka KV ndogo. Watu hufanya kinyume, wanaweka KV kubwa kwenye gari zito ili "lipate nguvu", na mota inanuka vanishi. KV kubwa ni kasi kwa gharama ya ampea.

Kwa ukubwa huu kidhibiti cha ampea 45 hadi 60 ni cha kawaida kwa seli mbili na gari la kilo 2. Msambazaji anayeuza mota na kidhibiti pamoja amekuokolea kazi hii yote, na kama uwezo upo nunua hivyo.

Jihadhari na vidhibiti vya droni na ndege. Dukani vinafanana, vina nyaya tatu vilevile, tena ni rahisi. Vya kawaida havina kurudi nyuma. Vingi vya ndege pia vinategemea upepo wa propela kupoa, na ndani ya bodi la gari upepo huo haupo.

Mota isiyo na kaboni na isiyo na sensa (kitambuzi cha mahali rota ilipo) hutetemeka inapoanza kuondoka polepole, hasa gari likiwa zito. Ile yenye sensa, ina kebo ndogo ya pili ya nyaya sita, huondoka laini. Kwa gari la kupanda mawe lipia sensa. Kwa la kukimbia kiwanjani si lazima. Mota isiyo na sensa ikizunguka kinyume, badilishana nyaya mbili zozote kati ya tatu. Yenye sensa usiibadilishe hivyo: A kwa A, B kwa B, C kwa C, na mwelekeo ubadilishe kwenye mipangilio ya kidhibiti.

Betri inaweza kuharibu kila kitu

Seli za kompyuta mpakato zilizotumika ni nzuri kwa tochi na redio. Kwa gari zitakuangusha: ukivuta zaidi ya ampea 4 au 5 kwa seli moja, volti zinaporomoka, na seli zinachemka. Betri ya LiPo (lithiamu-polima) ina namba ya C, ambayo ukiizidisha kwa ujazo wake inakupa ampea inazoweza kutoa: 5000mAh mara 25C ni ampea 125 kwa maandishi, na hata ukiamini nusu yake gari letu limeshiba.

Njia ya bei nafuu ni betri ya drili yenyewe ikiwa bado nzima. Ya lithiamu ya volti 12 ndani ina seli tatu, zilizotengenezwa kulisha mota ileile uliyoitoa. Angalia tu ubao wa ulinzi uliomo ndani, kwani baadhi hukata umeme wote ampea zikizidi. Ukikatika, risiva nayo inazimika, na gari lililokuwa kwenye kasi haligeuki tena.

Kwenye kidhibiti kuna kifungo au kijiti cha kuchagua aina ya betri. Kikibaki kwenye NiMH (betri ya nikeli) huku umeweka LiPo, kidhibiti hakitakata umeme mapema na seli zitashuka chini ya volti 3 kila moja. Seli iliyofika huko mara kadhaa huvimba. Usiichaji, itoe nje ya nyumba.

Na usisahau sevo ya usukani, ile mota ndogo inayogeuza magurudumu. Inakula kutoka kwenye saketi ya volti 5 au 6 iliyomo ndani ya kidhibiti, huandikwa BEC. Sevo ya MG996R ikikwama huvuta karibu ampea 2.5. BEC ya ampea 1 itazidiwa, risiva itazimika na kuwaka, na dalili yake ni gari kukatika kila unapokata kona kali. Hapo wengi hulaumu rimoti.

Kuunganisha na kujaribu

Kwa mota ya kaboni, chomea kapasita tatu za seramiki zenye alama 104: moja kati ya nguzo mbili, na moja kutoka kila nguzo hadi kwenye mwili wa mota. Kwaruza rangi ya mwili kwa msasa kwanza, risasi haishiki kwenye rangi. Bila kapasita hizi cheche za kaboni huvuruga risiva, na gari hutetemeka usukani lenyewe. Diodi ya Schottky usiiweke kabisa kwenye nguzo za mota ya gari linalorudi nyuma, kwa kuwa ukirudi nyuma inakuwa shoti.

Nyaya zikiwa fupi, refusha upande wa mota. Upande wa betri uache ulivyo: waya mrefu wa betri husababisha volti kuruka juu kila kidhibiti kinapokata, na kapasita zake hufa mapema. Tumia plagi ya XT60. Zile plagi nyeupe kubwa za zamani za Tamiya huchemka ampea zikianza kuzidi 15. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, angalia mara mbili; vidhibiti vingi havina kinga ya kugeuza betri.

Liweke gari juu ya kopo, magurudumu hewani. Washa rimoti kwanza, kisha gari. Kuzima ni kinyume chake, gari kwanza. Washa kidhibiti huku kidole hakijagusa mwendo, kwa sababu vingi hujifunza kituo cha kati wakati huo. Vingine vinataka ushike kitufe na kukionyesha kati, mwisho wa mbele na mwisho wa nyuma, fuata kijitabu.

Anza na pinioni ndogo uliyonayo. Kimbiza gari dakika 3, lisimamishe, gusa mota na kidhibiti. Ukiweza kuacha kidole hapo bila shida, ongeza jino moja la pinioni na urudie. Ukilazimika kuondoa kidole baada ya sekunde 2 au 3, rudi jino moja chini. Mota baridi na kidhibiti cha moto maana yake kidhibiti ni kidogo. Mota ya moto na kidhibiti baridi ni gia. Vyote viwili vikiwa vya moto, angalia kwanza kama beringi zimejaa vumbi au gia zimebanana sana: zungusha gurudumu kwa mkono betri ikiwa imetolewa, na kama haliendelei lenyewe hata kidogo, tafuta kinacholishika kabla hujabadilisha kifaa chochote.